Tangi la Maziwa la Zamani na Gesi Mpya: Mambo ya Kujua Kabla Hamjamwita Fundi

Katika skimu zetu nyingi maziwa ya jioni ndiyo yaletayo taabu. Ya asubuhi hukamuliwa, hupimwa, na lori huyachukua kabla jua halijawa kali. Ya jioni hayana budi kulala. Yakilala bila baridi, asubuhi yamekwisha kuharibika, na karani wa mapokezi akiyajaribu kwa spiriti huyaona yameganda, akayakataa. Ndiyo sababu vyama vingi vya ushirika vilinunua tangi la kupozea maziwa, na ndiyo sababu tangi hilo likisimama kila mwanachama huona hasara siku ile ile, mwenye ng'ombe kumi na mwenye ng'ombe mmoja.

Matangi mengi ya zamani, pamoja na mafriji ya zamani, hutumia gesi ambazo mataifa yamekubaliana kuziacha. Fundi akiitwa atasema, "Gesi hii haipatikani tena, sharti tubadili." Neno hilo mara nyingine ni kweli na mara nyingine si kweli. Somo la mwezi huu ni la kuwasaidia wajumbe wa halmashauri za vyama, na kila mtu mwenye friji dukani au nyumbani, ili wajue la kumwuliza fundi, la kumkataza, na wakati ambapo ni afadhali kutofanya lolote. Halitamfanya msomaji kuwa fundi. Kazi yenyewe ni ya mtu aliyefundishwa, mwenye vyombo vyake.

BARIDI HUTOKA WAPI

Mtungi wa udongo wajulikana na kila mtu. Maji yaliyomo huwa baridi hata mchana, kwa sababu maji kidogo hupenya udongo, hukauka nje, na yanapokauka huchukua joto. Hali kadhalika nesi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, huhisi baridi, kwa kuwa spiriti hukauka upesi na kuondoka na joto la ngozi yako. Basi fahamu kwamba baridi haitengenezwi. Joto ndilo linalohamishwa kutoka mahali hadi mahali.

Mtambo wa tangi hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, ambayo ni kama moyo, huisukuma gesi na kuikaza mpaka iwe moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya nyuma yenye feni, hutoa joto lake nje, na kugeuka majimaji. Kisha hupita penye tundu jembamba, na mara inapotoka upande wa pili, chini ya tangi, huchemka. Gesi iitwayo R-12 huchemka penye baridi ya nyuzi 30 chini ya sufuri, na R-22 nyuzi 41 chini ya sufuri. Katika kuchemka huko hunyonya joto la maziwa, halafu hurudi kwa kompresa na kuanza safari upya.

Kumbukeni mambo mawili hapa. Kwanza, gesi hiyo haiishi kama mafuta ya taa yaishavyo katika kandili. Gesi iliyotiwa mwaka wa kwanza yapasa kuwamo hata mwaka wa ishirini. Fundi akisema "gesi imekwisha", mwambie kwamba haikwisha bali ilivuja, na akuonyeshe mahali ilipovujia kabla hajatia nyingine. Pili, ndani ya mabomba hayo hamna gesi peke yake. Mna mafuta pia, ya kulainisha kompresa, nayo husafiri pamoja na gesi na kurudi. Watu husahau mafuta haya, na mafuta haya ndiyo yaliyoua kompresa nyingi zilizobadilishwa gesi.

KWA NINI GESI ZA ZAMANI ZINAACHWA

Hapo kale mafriji yalitumia gesi zenye sumu, kama amonia na dioksidi ya salfa. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata R-12, isiyo na sumu wala harufu, na isiyowaka moto. Watu walifurahi sana, tena walikuwa na haki ya kufurahi. Hakuna aliyejua kwamba gesi ikiachiliwa hukaa angani miaka mingi, hupanda juu sana, na huko jua kali huivunja na kutoa klorini.

Juu yetu, yapata kilomita 15 hadi 35, kuna hewa iitwayo ozoni. Kazi yake ni kuzuia ile miali ya jua inayochoma ngozi na kuharibu macho. Klorini huivunja ozoni, na chembe moja yaweza kuvunja chembe za ozoni makumi ya maelfu kabla haijatulia. Jambo hilo lilielezwa na wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland mwaka 1974, na wengi waliwabishia. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa katika bara la barafu la kusini walitangaza kwamba ozoni ya huko ilikuwa ikipungua sana kila majira ya machipuko. Mabishano yakapungua. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Montreal, na Kenya iliyakubali mwaka 1988. Ofisi inayosimamia mapatano hayo kwa dunia nzima iko hapa kwetu Nairobi, Gigiri.

Yafaa tuseme kweli: karibu na ikweta ozoni haikupungua kama kule kusini. Lakini jua letu ni kali tangu asili, na hatuna ya kupoteza. Wenzetu wenye ualbino walijua madhara ya miali hiyo kabla ya wataalamu kuandika. Hata mfugaji wa ng'ombe wenye uso mweupe, kama Hereford, hujua kwamba hao ndio wapatao saratani ya macho kwa urahisi. Wale waliofanya kazi katika mashamba ya maua watakumbuka pia dawa ya udongo iitwayo mithaili bromaidi. Nayo iliachwa kwa sababu hii hii.

Kazi hiyo imezaa matunda. Wataalamu walieleza mwaka 2022 kwamba, tukiendelea hivi, ozoni katika sehemu kubwa ya dunia itarudi kama ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na kule kusini ifikapo 2066 hivi.

Kwa nchi kama yetu, R-12 ilikomeshwa tarehe 1 Januari 2010. R-22, ambayo madhara yake kwa ozoni ni madogo zaidi, yapunguzwa kwa hatua: asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67 na nusu mwaka 2025, na mwaka 2030 itabaki kidogo tu kwa matengenezo, mpaka 2040. Kwa hiyo asemaye R-22 haipatikani kabisa anawahi mno. Asemaye itapatikana siku zote kwa bei ya jana naye anakosea.

SOMENI KIBANDIKO KWANZA

Kabla ya kumwita mtu, nendeni nyuma ya tangi na kitambaa, mfute vumbi, msome kibandiko cha kompresa. Hapo pameandikwa aina ya gesi na uzito wake. Nakilini katika daftari la chama. Mkiwa hapo tazameni lile bomba la nyuma lenye mapezi membamba. Nimekwisha kuona mabomba hayo yamejaa majani makavu, manyoya ya kuku na utando wa buibui, hata joto halipati njia ya kutoka. Tangi la namna hiyo halipozi, na dawa yake ni brashi. Safisheni, mngoje siku moja, mpime tena. Huenda hamhitaji fundi.

Sasa, je, mbadili gesi? Ushauri wangu ni huu. Tangi linalopoza vizuri na lisilovuja, liacheni. Gesi iliyofungwa ndani ya bomba zima haimdhuru mtu wala ozoni. Madhara huanza inapotoka. Wakati wa kubadili ni pale mtambo unapolazimika kufunguliwa, kama kwa kuvuja au kwa kuharibika kompresa. Na kama kompresa ni nzee, inapiga kelele, au mabomba yameliwa na kutu, msitie fedha za wanachama katika gesi mpya. Wekeni akiba mnunue mtambo mpya.

Friji dogo la nyumbani lenye R-12 halistahili gharama ya kubadilishwa. Litumie mpaka mwisho wake, gesi yake ivutwe na fundi, kisha nunua lingine. Mengi ya sasa hutumia R-600a, isiyogusa ozoni na isiyoongeza sana joto la dunia.

MAFUTA NDIYO SHINA LA KAZI

Badala ya R-12, gesi inayotumika sana katika mitambo ya zamani ni R-134a. Haina klorini, basi haigusi ozoni. Ina ila mbili. Ya kwanza, huongeza joto la dunia mara zaidi ya elfu kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule, na kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwezi wa Oktoba 2016 kwamba nayo, pamoja na ndugu zake, ipunguzwe. Kwa hiyo ni daraja la kuvukia, si nyumba ya kuhamia. Ya pili ndiyo inayowahusu ninyi moja kwa moja: R-134a haichanganyiki na yale mafuta ya zamani yatokayo katika petroli.

Chama kimoja katika nyanda za juu, ambacho sitakitaja, kilimpata fundi wa bei nafuu. Alifungua vali nyuma ya nyumba ya maziwa, akaiachilia R-12 yote hewani kwa mlio uliowafukuza kuku, akatia R-134a juu ya mafuta yale yale. Tangi lilipoza siku ya kwanza. Wajumbe walimpa mkono na fedha zake. Wiki ya tatu kompresa ikakwama usiku. Maziwa ya jioni yalikwenda kwa ndama na nguruwe, na ya jioni ya pili yake pia. Kompresa ilipofunguliwa ilionekana imekauka, na mafuta yake yalikutwa yamelala katika mabomba ya chini ya tangi. Gesi mpya iliyapeleka huko, lakini haikuweza kuyarudisha.

Basi R-134a yahitaji mafuta ya namna nyingine, yaitwayo mafuta ya esta. Fundi mwema hufanya hivi. Gesi ya zamani ikiwa ingali ndani, huifungia upande mmoja, hutoa mafuta ya zamani katika kompresa na kuyapima ni kiasi gani, hutia ya esta kiasi hicho hicho, kisha huuacha mtambo ufanye kazi siku moja au mbili ili mafuta mapya yaoshe mabomba. Halafu huyatoa, hutia mengine, hungoja tena. Kwa kawaida ni mara tatu, mpaka mafuta ya zamani yaliyobaki yawe chini ya asilimia 5. Kiko chombo kidogo cha kupimia jambo hilo, mwombeni awaonyeshe. Kama R-12 ilikwisha kuvuja yote, kuosha hufanywa na gesi mpya, lakini hakuachwi.

Mafuta ya esta hunywa maji ya hewani kama chumvi wakati wa masika. Nanyi mlioko Kinangop au Molo mwaijua hewa yenu. Kopo lisifunguliwe mpaka dakika ya kutumia, na yaliyobaki katika kopo lililokaa wazi yasitumiwe. Maji yakiingia huzaa asidi ndani ya mtambo, na asidi hula waya za kompresa.

Kwa R-22 habari ni tofauti. Zipo gesi zilizochanganywa, kama R-407C, ambazo nazo zataka mafuta ya esta, na zipo nyingine, kama R-422D na R-438A, zilizotengenezwa ziweze kwenda na mafuta ya zamani, ingawa mara nyingi nguvu ya kupoza hupungua kidogo. R-134a haifai kutiwa mahali pa R-22, kwa kuwa nguvu yake ni ndogo mno kwa kompresa ile. Gesi zilizochanganywa sharti zitolewe katika silinda zikiwa majimaji, si mvuke, kwa maana mvuke hutoka na sehemu moja zaidi ya nyingine, na mchanganyiko huharibika. Tena mipira ya kuzuia kuvuja ibadilishwe. Mpira uliozoea R-22 hunywea inapoondoka, nanyi mtaona uvujaji ambao haukuwapo.

KAZI YENYEWE, NA MJUMBE ASIMAME HAPO

Mchagueni mjumbe mmoja asimame karibu na fundi mwenye daftari. Si kwa kumdharau fundi. Fundi mwenye kazi safi hupenda kutazamwa.

Gesi ya zamani ivutwe kwa mashine iingie katika silinda yake, ipimwe kwa mzani, iandikwe. Isiachiliwe hewani. Zipo sheria za nchi juu ya vitu hivi tangu mwaka 2007, na msimamizi wake ni NEMA. Baada ya hapo kichujio kibadilishwe, na kiwe cha aina inayokubaliana na gesi mpya. Uvujaji utafutwe kwa naitrojeni kavu na povu la sabuni. Asitumie oksijeni kamwe! Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta hulipuka, na watu wamekufa hivyo. Hewa ya pampu ya magurudumu nayo haifai. Ile taa ya zamani ya moto wa kijani haiioni R-134a, kwa kuwa hutambua klorini, nayo haina.

Uvujaji ukiisha kuzibwa, pampu ivute hewa na unyevu wote. Hapa ndipo fundi mwenye haraka huiba saa moja. Mwulizeni geji inasoma nini. Yapasa kufika mikroni 500 au chini yake. Kisha pampu ifungwe na geji iangaliwe. Sindano ikipanda tena, kuna maji au kuna tundu.

Ndipo gesi mpya itiwe kwa mzani, si kwa kukisia. R-134a hutiwa kidogo kuliko R-12 iliyokuwamo: huanza na robo tatu ya uzito, mtambo ukatazamwa, na huishia karibu na asilimia 90. Kuzidisha si ukarimu. Hukaza shingo ya kompresa.

YULE AJAYE NA GESI YA KUPIKIA

Wapo mafundi wanaotia gesi ya jikoni katika mafriji ya zamani. Friji litapoa, sitadanganya kusema halitapoa, na kwa sababu hiyo watu huwaamini. Lakini gesi ya jikoni ni mchanganyiko usiojulikana vipimo vyake, una unyevu na dawa ya harufu, na zaidi ya yote huwaka. Ikivuja haipandi juu, bali hulala sakafuni kama maji. Sehemu 2 katika 100 za hewa zatosha kuwaka, na nyumba ya maziwa ina swichi, mota na pengine jiko la kuchemshia maji ya kuoshea makopo.

Mtu atauliza, mbona R-600a nayo huwaka? Ni kweli. Lakini friji lililotengenezwa kwa hiyo tangu kiwandani lina gesi kidogo sana, makumi machache ya gramu, na swichi zake zimefungwa zisitoe cheche. Tangi lenu lenye kilo kadhaa na swichi za wazi si mwenzake. Fundi wa namna hii mpeni chai, mmwage kwa amani.

BAADA YA KUBADILI

Kibandiko kipya kiwekwe juu ya kompresa: jina la gesi, uzito, aina ya mafuta, tarehe, na jina la fundi. Kile cha zamani kifutwe kwa rangi. Mwaka ujao atakuja fundi mwingine, na asipojua kilichomo atachanganya.

Katika wiki ya kwanza karani aandike kila jioni lita zilizoingia, saa ambayo mtambo uliwashwa, na saa ambayo maziwa yalifika nyuzi 4. Alinganishe na daftari la kabla ya kubadili. Muda ukizidi sana, fundi arudi, na haki ya kumrudisha iwe imeandikwa katika mapatano kabla hajalipwa senti ya mwisho.

HESABU YA KUFANYA KATIKA MKUTANO WA CHAMA

Kibandiko cha tangi kinasema R-12 kilo 2.8. (a) Fundi ataanza na kilo ngapi za R-134a, akianza na robo tatu? (b) Asilimia 90 ni kilo ngapi? (c) Silinda ya R-134a inayouzwa sana ina kilo 13.6. Fundi ameleta hesabu ya silinda nzima kwa tangi hili moja. Ni kilo ngapi ambazo chama kinalipia na hazimo katika tangi?

Majibu: (a) kilo 2.1, (b) kilo 2.52, (c) kilo 11.08. Mwulizeni ziko wapi.